Bamiyan: sanamu irudishwe, au shubaka libaki tupu?

Kila unapozuka mjadala wa kujenga upya sanamu za Budha zilizolipuliwa katika bonde la Bamiyan, Afghanistan, watu hugawanyika kabla ya kuulizana jambo la kwanza: hiyo sanamu inayotakiwa kurudishwa ni ipi hasa?

Sanamu zilikuwa mbili, za Budha aliyesimama, moja ya mita 55 na nyingine 38, zilizochongwa kwenye jabali katikati ya Afghanistan kati ya karne ya 6 na mwanzoni mwa karne ya 7. Mtawa wa Kichina, Xuanzang, aliziona mnamo mwaka 630 akasimulia zinavyong'aa. Machi 2001, kwa amri ya kiongozi wao Mullah Omar, Taliban walizipiga mizinga. Zilipokataa kuanguka, wakateremsha watu kwa kamba kutega baruti. Yakabaki mashubaka mawili, yaani uwazi uliochongwa jabalini zilimosimama, na vifusi.

Wanaotaka zijengwe upya hawasemi ovyo. Wahazara, kabila linaloishi bonde hilo, ni Waislamu, hawakuwahi kuziabudu, lakini waliziita Salsal na Shahmama, wapenzi wa hadithi zao. Taliban hao hao waliwatesa pia Wahazara. Kwao, kuliacha shubaka tupu ni kumwachia mlipuaji neno la mwisho. Na tuseme ukweli, wageni huleta riziki, na bonde lile ni maskini.

Wapinzani hushika Mkataba wa Venice wa 1964 kuhusu uhifadhi wa majengo ya kale, unaoruhusu kuunganisha vipande vya asili tu, si kubuni vipya. Ndiyo maana wataalamu wa Kijerumani walipoanza kujenga nguzo za matofali kwenye miguu ya sanamu ndogo, UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, ilikuja juu na kazi ikasimama.

Mimi naegemea upande wa wapinzani, ila si kwa sababu ya mkataba. Jabali lile ni changarawe iliyoshikana na mchanga, halichongeki vizuri. Mafundi walichonga umbo la jumla tu. Mikunjo ya joho waliifinyanga kwa udongo uliochanganywa na majani makavu, wakaushikiza kwa kamba na vigingi vya mbao, kisha wakapaka rangi. Uzuri wenyewe ulikuwa kwenye tabaka hilo la udongo, na ndilo lililogeuka vumbi. Nyuso nazo zilikuwa zimekwishatoweka karne nyingi kabla ya 2001. Sasa fundi wa leo atafinyanga uso wa nani?

Tena kuna kazi isiyongoja. Milipuko ililipasua jabali lenyewe, na wahandisi wa Kiitaliano walilazimika kulifunga kwa nondo lisimomonyoke. Mapangoni mna michoro ya karne ya 7 iliyopakwa rangi za mafuta, miongoni mwa ya zamani kabisa ya aina hiyo inayojulikana duniani. Hiyo bado ipo, na inachakaa. Fedha ianzie hapo.

Linalonikera kwa upande wangu huu ni wepesi wa kuwaamulia Wahazara kutoka mbali, kana kwamba shubaka ni kumbukumbu ya ulimwengu kwanza, yao baadaye. Lakini tangu Agosti 2021 Taliban wanatawala tena, na ndio wanaowakatia tiketi wageni wanaokuja kuyatazama mashubaka hayo. Anayetaka Salsal arudi sasa atuambie mkataba wa ujenzi atausaini na nani, na Wahazara watakaa upande gani wa meza.