Ngome ya Ogmore na Jina la Gwenllian

Katika ngome zote za Wales nilizozitembelea, iliyonikaa moyoni ni gofu dogo la Ogmore, kando ya mto Ewenny, kusini mwa nchi hiyo. Hakuna kiingilio. Mgeni anayetokea ng'ambo huvuka mto kwa kukanyaga mawe makubwa yaliyopangwa majini, na inambidi aangalie saa ya kuvuka, kwa sababu bahari ikijaa maji hupanda mpaka huku.

William de Londres aliianzisha ngome hii mwanzoni mwa karne ya 12, Wanormani, wavamizi wenye asili ya kaskazini mwa Ufaransa, walipokuwa wakiinyakua ardhi ya Glamorgan, eneo hili la kusini mwa Wales, na mwanawe Maurice akajenga mnara wa mawe, ambao ukuta wake wa magharibi ndio uliosalia kwa kimo cha kutosha. Nilisimama chini yake nikainua macho: meko ya ukumbi ingali ipo, juu kabisa ya kichwa changu, imebaki ukutani peke yake kwa kuwa sakafu iliyokuwa mbele yake imetoweka. Hapo mtu aliota moto huku nchi aliyoiteka ikiwa na baridi nje.

Ndiyo maana siridhiki tunaposifu unene wa kuta tukanyamaza kuhusu waliotekwa. Mwaka 1136, huyo huyo Maurice alilishinda, karibu na mji wa Kidwelly, jeshi lililoongozwa na Gwenllian ferch Gruffydd, mke wa Gruffydd ap Rhys, mtawala wa Deheubarth, ufalme wa Wawelisi wa kusini-magharibi; mumewe alikuwa amekwenda kaskazini kutafuta msaada wa vita. Gwenllian aliuawa. Kuusimulia mnara wa Ogmore bila kumtaja mwanamke huyo ni kumwachia mjenzi asimulie peke yake, naye amekwishasikika vya kutosha: jiwe la kaburi lake limehifadhiwa katika kanisa la Ewenny, kilomita chache tu kutoka ngomeni, likiwa na nakshi nzuri na jina lake likisomeka. Gwenllian ameachiwa shamba karibu na Kidwelly, ambalo wenyeji huliita Maes Gwenllian, yaani uwanja wa Gwenllian.

Anayepanga safari ya Ogmore namsihi aanzie kwenye uwanja huo, ndipo aje kuitazama meko ya Maurice.