Mende wa Elfu Kumi na Tano

Mimi nimezaliwa, nimenyonya, nimeota meno, nimeng'oka meno, nimeanza darasa la kwanza, na kwa muda wote huo hakuna binadamu aliyenikatia keki. Tarehe yangu ya kuzaliwa iliandikwa kwenye kadi ya kliniki, kadi ikawekwa kwenye sanduku la mama uvunguni, na sanduku likafunguliwa mara mbili tu: siku ya kuniandikisha shule, na siku ilipogundulika kwamba panya amezalia humo. Kadi ndiyo ilikuwa godoro. Kwa hiyo hata hiyo tarehe yenyewe, walioifaidi ni panya.

Sasa njoo kwa binti yangu Neema. Jumamosi iliyopita ametimiza miaka 7, na maandalizi yalianza wiki tatu kabla. Ndani ya nyumba yangu ikaundwa kamati. Mwenyekiti mama yake, katibu shangazi yake, na mimi nikateuliwa mfadhili mkuu bila kuhojiwa. Nikauliza kwa upole, kwani mtoto hawezi kupikiwa pilau, akaombewa, akalala?

"Baba Baraka, hii siku inakuja mara moja tu kwa mwaka."

"Na ada ya shule inakuja mara ngapi?"

"Ada haina mishumaa."

Nikanyamaza. Keki ya kilo 2, shilingi 70,000. Mpishi akapiga simu kuuliza juu ya keki aweke picha gani, ya mtoto au ya katuni. Nikamwambia aweke yangu mimi nikilipa. Maputo 50. Pampu ya kuyajazia ilikuwepo dukani, lakini mama Baraka akaona pampu ya nini na baba yupo. Nimepuliza mpaka nikaona nyota saa nane mchana.

Na mimi nina sababu zangu za kuwa na kinyongo. Nina kibanda pale Tandika, natengeneza feni, pasi, redio na chochote kilichowashinda wenzangu. Mwaka jana vijana wa kijiweni walichungulia kitambulisho changu nilipokuwa nasajili laini, wakaishika ile tarehe. Siku yenyewe ilipofika, nimeinama na bisibisi mkononi, nikasikia tu maji ya ndoo nzima yananishuka mgongoni. "Heri ya kuzaliwa, mzee!" Mtu mzima wa miaka 51, nimelowa kama dagaa. Kitochi changu kilikuwa mfuko wa shati. Nilikifukia kwenye mchele siku tatu. Mchele tukaula, simu haikuamka. Mpaka leo kiko kwenye kopo la spea, namba za watu zote zimekwenda na maji.

Basi, ikaja habari ya zawadi. Kijana wangu Baraka yuko chuo mwaka wa pili, anasoma uhandisi, na tangu aanze kusoma uhandisi hajawahi kutengeneza hata kitasa cha choo. Akasema mdogo wake anunuliwe mdudu wa roboti, kwa sababu siku hizi wahandisi wa dunia nzima wanaiga viumbe.

"Wanaiga viumbe gani?"

"Kwa mfano mende, baba."

Nikaweka kijiko chini.

Yaani mende. Mimi kila mwezi nanunua dawa ya mende. Nimejaribu ya unga, ya kupuliza, na ile chaki wanayouza barabarani ambayo nadhani mende wanaitumia kuandikia. Kumbe Marekani, chuo kikuu cha California kule Berkeley, kuna watu wanalipwa mshahara kumtazama mende. Baraka ananieleza kwa macho yanayong'aa: mwaka 2016 walitangaza kwamba mende anaweza kujibana akapita kwenye ufa wa milimita 3, na ukimkandamiza kwa uzito unaokaribia mara 900 ya uzito wake, haumii. Wakatengeneza roboti inayojibonyeza vilevile, ili siku moja jengo likianguka ipenye kwenye kifusi itafute watu. Mwaka 2019 wakaja na nyingine, ukubwa wa stempu, haifiki hata gramu moja, na mtu wa kilo 60 akiikanyaga inanyanyuka inaendelea na safari.

Hilo la kifusi sikulipinga. Ni jambo jema. Lakini hayo mengine mbona wangeniuliza mimi? Ningewaambia kwa soda moja. Mende wa kwangu nimemkanyaga kwa ndala, nikazungusha kisigino kama nazima sigara, nikainua mguu, akaondoka zake anachechemea kidogo, nadhani kwa heshima tu.

Baraka akaona nimeingia kwenye mazungumzo, akanogewa. Akanipeleka Harvard, kwenye nyuki wa roboti. Huyo kama fundi nilimsikiliza. Anapiga mabawa mara 120 kwa sekunde, na ndani hana mota ya kuzunguka kama ya feni; ana vipande vya kauri ambavyo ukivipa umeme vinajikunja, ukikata vinanyooka, basi bawa linakwenda na kurudi. Nikavua kofia. Halafu akaniambia mwaka 2013 aliporuka alikuwa amefungwa waya wa umeme. Nikaivaa tena. Nyuki mwenye waya? Huyo ana tofauti gani na pasi? Umeme ukikatika, asali ndiyo basi.

Na Uganda, jamani. Waswizi wametengeneza mamba, mamba mzima wa mota na ngozi ya mpira, wakambeba mpaka Mto Nile, kule Murchison, ili awe karibu na mamba wa kweli wapate picha za kipindi cha televisheni. Kuna vijiji watu wanachota maji kwa kuviziana na mamba, wanaomba kila siku wapungue. Wao wameongeza mmoja.

Lakini aliyenigusa ni yule nyumbu. Marines, wale askari wa Marekani wanaotoka baharini kupigana nchi kavu, walikuwa na roboti ya miguu minne ya kubebea mizigo, kama kilo 180, inapanda vilima, na ikianguka inajiinua yenyewe. Mwaka 2015 wakaiweka kando. Kosa lake? Kelele. Injini ilikuwa inanguruma kiasi kwamba adui angewasikia wanakuja. Nikasema hapo sasa wamefanya la maana, na kamati yangu ingejifunza, maana walishakodi spika mbili zinazonizidi kimo na MC anayeitwa kwa jina la silaha. Roboti imekataliwa vitani kwa kelele, MC anakaribishwa sebuleni kwangu na chakula anapewa.

Haya, tuseme nilishindwa hoja. Nimekwenda Kariakoo. Duka dogo, muuzaji kijana, mende wamepangwa kwenye viboksi kama pete za harusi.

"Huyu anatembea mwenyewe, mzee. Akigonga ukuta anageuka."

"Hata wa kwangu wanageuka."

"Huyu anatumia betri moja tu ya saa."

"Wa kwangu hawatumii betri."

"Sasa mzee, unanunua au unaniringishia?"

Elfu kumi na tano. Nimetoa fedha halali kununua mende. Njiani kwenye daladala nimemkumbatia mfukoni, naogopa kibaka, na ninawaza ningeeleza nini kituo cha polisi: "Nimeibiwa." "Umeibiwa nini?" "Mende."

Jumamosi ikafika. Mama mkwe akaja kutoka Lushoto na kapu la matunda damu na maharage mabichi. Huyu mama ni mtu wa miaka 80 hivi, mkimya, msafi kupita kiasi, na mimi kwake ni mtu wa "shikamoo mama" na "ndiyo mama" tu. Miaka 22 ya ndoa hatujawahi kutaniana wala kubishana. Akakaribishwa kiti cha mbele, karibu na meza ya keki, ndala zake miguuni.

MC akaanza. Akaita upande wa baba, akaita upande wa mama, akaita majirani wa kulia, majirani wa kushoto, wote wacheze mpaka kwenye keki na kurudi. Watoto wakadai keki ikatwe. Neema akazima mishumaa, sijui ni pumzi au mate, mimi kipande changu nilikila kwa imani. Kisha akalisha watu: bibi, mama, shangazi, kaka, MC (MC ana undugu gani na mtoto?), mwisho baba. Kila kijiko kinapigwa picha, na kila picha inawekwa hewani papo hapo, kwa sababu siku hizi keki isiyoonekana kwenye simu ya shemeji wa Mwanza ni kama haijaliwa.

Ndipo Baraka akasema tumpe mtoto zawadi yake. Neema akafungua kiboksi, akapiga yowe la furaha, akabonyeza swichi tumboni, akamweka mende mezani. Nakiri, alipendeza. Mweusi unaong'aa, antena mbili, miguu ya mpira. Akatoka mbio brrrrr, akapita katikati ya sahani, akaizunguka keki, akageuka, akaelekea upande wa bibi.

Mama mkwe hakusema neno. Aliinama. Akaivua ndala ya mguu wa kulia bila haraka, akaipima mkononi, na ikashuka mara moja tu.

Paa!

Hata MC alinyamaza. Krimu ilinifikia mimi nilipokuwa nimesimama, mlangoni. Mama mkwe akaipangusa ndala kwa kitambaa cha mezani, akaivaa, akanigeukia kwa huruma ya mzazi: "Pole sana baba. Nimeshamuua. Nyumba za mjini ndivyo zilivyo."

Elfu kumi na tano ikanipanda kooni. Mara 900 ya uzito wake, kilo 60, Berkeley, vyote vilinipitia kichwani. Nikasema, "Ahsante sana, mama."

Neema akalia mpaka akapewa kipande cha pili. Bibi alipoelezwa kuwa yule alikuwa wa kuchezea, alimtazama mama Baraka kwa muda mrefu, akauliza: "Mlimnunua?" Hakuna aliyejibu. Ili kubadilisha mazungumzo, shangazi akasema mwakani tumfanyie bibi naye bethidei, ni tarehe ngapi? Bibi akasema kitambulisho kinasema tarehe 1 Julai, lakini hiyo aliitaja karani. Yeye alizaliwa mwaka uliofuata ule wa nzige, mahindi yakiwa yanakaribia kuvunwa. "Siku hiyo nzige akirudi," akasema, "ndiyo mnipigie makofi."

Baraka akaniinamia sikioni. "Baba, hata mambo ya bethidei maroboti wameanza. Ile gari ya utafiti ya Wamarekani iliyotua sayari ya Mirihi Agosti 2012, ilipotimiza mwaka mmoja ilijiimbia wimbo wa kuzaliwa. Haina spika ya muziki. Walitumia kile chombo kinachotikisa udongo wa kupimwa, wakakitetemesha kwa sauti tofauti tofauti mpaka wimbo ukatoka."

"Ikaimba na mwaka uliofuata?"

"Hapana. Hiyo moja tu. Nishati ni ya kazi."

Nilimwomba arudie sentensi hiyo kwa sauti, mama yake asikie. Akakataa.

Usiku, watu wamelala, maputo yanapasuka yenyewe kwa joto, mimi nikakaa jikoni na marehemu. Nikamfungua kwa bisibisi ya saa. Ndani hakuna maajabu: betri ya saa na kamota kadogo chenye kichuma kilichokaa upande mmoja. Kikizunguka, mwili mzima unatetemeka, na kwa kuwa miguu ya mpira imelala kuelekea nyuma, kila mtetemo unamsukuma mbele. Basi. Hajui kutembea, anatetemeka tu kwa mpangilio. Ndala ilikuwa imepinda ekseli ya kamota.

Kichuma cha upande mmoja. Mtetemo. Mimi hiki kitu nimekiona wapi?

Nikalifuata kopo la spea. Kitochi changu cha mwaka jana, kile cha ndoo ya maji. Nikakipasua, nikang'oa kamota ka kutetemesha, nikakagusisha kwenye betri. Kakanguruma. Mwaka mzima kamekaa kimya humo, kumbe kazima! Nikakachomelea kwa lehemu, nikabana tumbo la mende kwa gundi, antena moja nikaiacha ilivyo, imepinda kama mtu aliyeamka vibaya. Nikamweka sakafuni, nikabonyeza.

Brrrrr. Anakwenda! Anakwenda kwa kasi kuliko mwanzo. Nikazima taa nione kama ana nuru yoyote, hana, nikaiwasha tena, na pale chini ya kabati la vyombo wamejipanga wenyeji watatu, wa kweli, wamekuja kufuata krimu. Wa betri akawapita. Mmoja akamgeukia, akatikisa antena, nadhani alimwona ni mgeni wa Kariakoo. Nikachuchumaa nawatazama wanne hao, nikasahau kabisa kwamba nina ndala.

Kisha nikasikia korido. Tap. Tap. Tap. Hatua za mtu asiye na haraka.

"Baba Baraka," sauti ikasema nje ya mlango wa jikoni, "wamerudi?"

Wale watatu walikuwa wameshaingia ufani. Nikachukua sufuria, nikamfunika wa nne, nikalikalia.