Mbwa Mzee Hajui Kuacha Kucheza, Ni Juu Yetu Kumwachisha

Ninaamini kwamba mtu mwenye mbwa mzee anayependa michezo ana wajibu mmoja asioweza kumwachia mbwa mwenyewe, nao ni kuamua mchezo uishe wakati gani. Simba, mbwa wangu wa aina ya German Shepherd, ana miaka 11, umri ambao kwa mbwa mwenye umbo kubwa ni uzee kamili, kwa kuwa mbwa wakubwa huzeeka mapema kuliko wale wadogo. Hata hivyo, akiuona mpira mkononi mwa mtoto, hutimua mbio, huruka na kujipinda hewani kana kwamba amezaliwa mwaka juzi, na ni huko kujipinda, zaidi ya mbio zenyewe, kunakoninyima raha.

Hapa Arusha, wageni wanaomwona akicheza huniambia kwamba mbwa mwenye maumivu hawezi kuruka namna ile. Sikubaliani nao. Msisimko wa mchezo huyafunika maumivu, na mbwa mwenye hamu ya kukimbiza kitu kinachokwenda kasi atakikimbiza hata kama gegedu za nyonga zake zimelika. Anayetaka kuujua ukweli amtazame asubuhi inayofuata. Simba huinuka kwa miguu ya mbele kwanza, hukaa kitako kwa muda, kisha ndipo huivuta ile ya nyuma, na hatua zake za mwanzo kwenye vigae vya barazani huwa fupi na za wasiwasi. Kucha mbili za katikati za mguu wake wa nyuma wa kulia zimelika kuliko nyingine zote, kwa sababu mguu huo hauinuki sawasawa na ncha zake hukwaruza saruji anapotembea. Alama hiyo haionekani kwa mtu aliyesimama. Ni lazima upige magoti, uushike mguu na kuugeuza. Huenda ikatokana na baridi yabisi, na kwa mbwa wa aina hii huenda pia ikatokana na ugonjwa wa uti wa mgongo unaodhoofisha miguu ya nyuma polepole bila kuuma, ndiyo maana uamuzi wa lipi ni lipi ni wa daktari wa mifugo na si wa jirani mwenye uzoefu.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi kutokana na jinsi tunavyofuga. Mbwa wengi wa mijini ni wa ulinzi: hufungiwa bandani mchana kutwa, na hufunguliwa usiku geti likishafungwa. Mbwa kijana hutoka bandani kwa kishindo na asipatwe na neno. Mzee aliyelala juu ya saruji saa 12 mfululizo, katika baridi yetu ya Juni na Julai, hutoka akiwa na misuli iliyokakamaa, na akirushiwa mpira papo hapo ndipo kano ya goti inapoweza kukatika. Kinga yake haina gharama kubwa. Kipande cha godoro kuukuu bandani, na matembezi ya taratibu ya dakika kama 10 kabla ya mchezo wowote, vinatosha kuipasha misuli moto.

Wapo wanaosema mbwa mzee aachwe acheze apendavyo, kwani siku zake zimebaki chache na ni heri afe akifurahi. Ninaielewa huruma iliyomo katika maneno hayo, lakini ninaona kwamba hayatazami kinachofuata. Kano ya goti iliyokatika haiui. Humwacha mbwa akichechemea miezi mingi, akiuelemea mguu wa upande wa pili hadi nao uumie, na upasuaji wake haupatikani kirahisi katika miji yetu mingi, wala mbwa mwenye umri huo hapewi dawa ya usingizi bila hatari. Mbwa aliyenyimwa mchezo kwa dakika chache leo atacheza tena kesho, jambo ambalo aliyeumia goti hawezi kuahidiwa.

Kumfungia kabisa nako ni kosa la upande wa pili. Kiungo kilichochakaa hushikiliwa na misuli inayokizunguka, na misuli isiyotumika husinyaa upesi, huku mwili ukinenepa. Unene ndio adui ambaye wengi wetu hatumhesabu. Huko Marekani, mbwa 48 wa aina ya Labrador walifuatiliwa maisha yao yote, nusu yao wakilishwa robo pungufu ya chakula cha wenzao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba waliolishwa kidogo waliishi karibu miaka 2 zaidi, na maradhi ya viungo yaliwachelewa. Kila ninapoona mbwa mzee akimiminiwa ugali wote uliobaki mezani kwa sababu tu ameuomba kwa macho, hukumbuka matokeo hayo.

Kwa hiyo sisi tumebadilisha mchezo badala ya kuufuta. Mpira hauruki tena juu; unaviringishwa chini kwenye nyasi. Mara nyingi zaidi unafichwa nyuma ya ndoo au ndani ya majani ya migomba, naye huutafuta kwa pua, kazi inayomchosha kwa uzuri bila kumrusha hata hatua moja. Hachezi jua likiwa kali, kwa kuwa mbwa hujipoza hasa kwa kuhema, na mbwa mzee ambaye sauti yake ya kubweka imeanza kukwaruza, au ambaye anavuta pumzi kwa mkoromo, huenda koo lake halipitishi hewa ya kutosha. Hachezi mara baada ya kula, kwa sababu mbwa wenye kifua kirefu kama yeye huweza kujaa hewa tumboni, tumbo likajisokota na kumuua siku ile ile.

Jambo la mwisho ninalisema kwa msisitizo, kwa maana nimelisikia likishauriwa mara nyingi mno: mbwa anayechechemea baada ya kucheza asipewe vidonge vya binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki humtoboa mbwa vidonda tumboni na kumharibu figo, na parasetamoli nayo huweza kumuunguza ini. Daktari wa mifugo ana dawa za maumivu zilizopimwa kwa ajili ya mbwa, kama vile meloksikamu ya kipimo chake, naye hutaka kwanza kujua uzito wa mnyama na hali ya figo zake. Mwombe pia ampime kupe na maradhi yake, kwa sababu katika ukanda wetu mbwa anayechechemea na kulegea si lazima awe amezidisha mchezo. Huenda ana homa ya kupe, na hiyo inatibika.