Poti 10042

Jamani, kabla ya yote: yule jamaa wa stoo aliyewaambia kwenye grupu kwamba nimemsema vibaya Mkurugenzi kwa makusudi, mbele ya ofisi nzima, amewadanganya. Haikuwa kwa makusudi. Hayo mengine ni kweli.

Kazi yangu mnaijua. Ofisi ya watu 23, seva moja ya barua pepe, na "mtu wa kompyuta" mmoja ambaye ndiye huyohuyo huitwa printa ikimeza karatasi. Ijumaa jioni nikajitia ujuzi. Nikafunga Amavis, ile ya kuchuja barua taka, nikaiambia Postfix, programu inayopokea na kutuma barua kwenye seva, kwamba kila barua inayoingia kutoka nje kwa poti 25 (poti ni kama mlango wenye namba kwenye mashine) ipitie kwanza kwa Amavis, poti 10024. Nikaandika 10042. Nikaenda zangu nyumbani.

Jumatatu hakuna barua. Za kutoka zinatoka vizuri, maana hizo zinapita poti 587 ambayo sikuigusa. Za kuingia, bilashi. Wateja wanapiga simu: "Tumetuma tangu Jumamosi!" Na kweli walituma. Postfix ilikuwa inawapokea kwa adabu zote, karibu sana, tumeipata, halafu inaiweka barua foleni na kwenda kubisha 10042. Hodi, hodi, haitiki mtu. Barua 412 zimesimama kama foleni ya Mbagala saa kumi na moja jioni.

Mimi nikalaumu kampuni ya intaneti. Nikalaumu waya. Nikamwambia mhasibu azime kompyuta yake na kuiwasha mara tatu, dada wa watu akatii. (Mnaocheka huko, nyie hamjawahi kumzimisha mtu kompyuta ili mpate dakika tano za kufikiri?)

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Nikaanza kutuma barua za majaribio kutoka Gmail yangu, tena kwa anwani ya wafanyakazi wote, ili yeyote ikimfikia apige kelele. "Testi 1." Kimya. "Testi 2." Kimya. Kufika ya 9 nilikuwa naandika kama mfungwa anayechora ukutani, maana nilishaamini hazifiki popote. Testi 11: "Hii seva ina jini." Testi 14: "Naacha kazi, nakwenda kuuza mihogo Coco." Testi 17... tulieni, tutaifikia.

Saa nane mchana ndipo nikaisoma logi, lile daftari la matukio ya seva, kama mtu mzima. Mstari uleule, mamia kwa mamia: 127.0.0.1, poti 10042, muunganisho umekataliwa. 127.0.0.1 ni mashine yenyewe, wadau. Nusu siku nawalaumu watu, kumbe mashine inajibishia hodi, na namba ya mlango niliiandika mimi kwa mkono wangu.

Nikasahihisha. Barua mpya zikaanza kuingia, lakini zile 412 hazisogei ng'o: kila moja ilishagongwa muhuri wa njia ya zamani siku ilipopokelewa. Dawa yake ni postsuper -r ALL, zipangwe upya. Ila ukiweka -d badala ya -r, zinafutwa zote. Mtu aliyechanganya 24 na 42 ndiye unampa herufi moja tu kati ya kupona na kufukuzwa! Niliifuata ile amri kwa kidole kama mtoto wa chekechea. R. R ya rehema. Nikabonyeza.

Laiti ningekosea.

Nikatoka hadi katikati ya ofisi, kifua mbele. "Ndugu zangu, tatizo limekwisha. Fungueni simu zenu!" Hata Mkurugenzi akatoka, akapiga makofi mawili. Ting. Ting, ting. Nikatabasamu. Mara mhasibu akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma tangazo la msiba: "Testi... kumi na nne. Naacha... kazi..." Tabasamu likabaki usoni, mimi mwenyewe nimeshaondoka. Hazikuja kwa mpangilio, kwa hiyo ikaingia ya 3, ikaingia ya 11, jamaa wa stoo akaguna, "Jini?" Mimi nahesabu moyoni: bado 17. Labda imepotea. Barua si hupotea?

Ting.

Mkurugenzi akatoa miwani mfukoni. Akaipangusa kwa tai. Akaivaa. Akaisogeza simu mbali, akaivuta karibu. Midomo ikaanza kucheza, nami kila neno nalijua, nikawa namfuatisha kimoyomoyo: Mzee kaja tena kusimama mlangoni... anatikisa kichwa kama anaelewa... wakati kuambatanisha faili tu... ananiita mimi.

Akavua miwani, akarudi chumbani kwake. Mlango hakuubamiza. Bora angeubamiza.

Nimeshaomba radhi, kwa mdomo, si kwa barua. Kazi mpaka naandika hapa bado ninayo. Anwani ya wote nimepokonywa. Jioni, nafunga begi niondoke, ikaingia barua moja kwa wafanyakazi wote, kutoka kwa Mkurugenzi:

"Testi 17 imefika salama. Njoo ofisini, kuna faili la kuambatanisha."