Shemeji, Hiyo Si Akiba

Shemeji yangu anaishi Texas, nje kidogo ya Dallas, na kuna jambo moja ambalo hakuna mtu amewahi kumtoa kichwani: kwamba anaokoa pesa kwa kujijazia risasi mwenyewe ndani ya gereji yake. Kila akipiga simu jioni, baada ya kuulizia watoto na mvua ya Nakuru, lazima hadithi ifike huko. Amenitumia picha za mashine, za mizani, za ndoo iliyojaa maganda yanayong'aa. Mimi ni mhasibu, kazi yangu ni kuandika vitabu vya hesabu za pesa za watu wengine, kwa hiyo mtu akitamka neno "kuokoa" mbele yangu, mkono unatafuta kalamu wenyewe.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuwa karibu na bunduki, na huku kwetu ndio wengi wetu, nieleze kwanza. Risasi nzima ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba ya manjano. Kuna praima, kile kidude kidogo kitakoni mwa ganda ambacho pini ya bunduki hukigonga kikatoa cheche. Kuna baruti ndani. Na juu kuna kichwa chenyewe, ile sehemu inayoruka. Ukifyatua, kichwa kimeenda, baruti imeungua, praima imekufa. Ganda linabaki chini, na mara nyingi ndilo lililokula pesa nyingi kuliko vingine vyote. Hapo ndipo wazo linapozaliwa: ganda ninalo tayari, kwa nini ninunue jingine? Mtu anaokota maganda yake uwanjani, anayasafisha, anayarudisha kwenye umbo kwa mashine ya mkono, anaweka praima mpya na baruti iliyopimwa, kisha anakandamizia kichwa. Marekani, sheria ya kitaifa haimdai leseni anayejaza kwa matumizi yake mwenyewe. Leseni inahitajika akitaka kuuza.

Haya, tuandike. Bei za huko hupanda na kushuka, kwa hiyo chukueni tarakimu hizi kama mfano wa kawaida wa miaka ya karibuni. Risasi ya bastola ya milimita 9 ikitoka dukani, tuseme senti 24 za dola. Ukijaza mwenyewe: praima senti 8, kichwa senti 9, baruti senti 3. Baruti huuzwa kwa ratili, na ratili moja ni chembe 7,000 kwa kipimo chao cha uzito, kile wanachokiita "grain". Risasi hiyo ndogo hula chembe 5 hivi, basi ratili ya dola 40 inajaza risasi 1,400. Ganda tumelipata bure. Jumla senti 20. Umeokoa senti 4, ambazo ni kama shilingi tano zetu.

Sasa tuulize mashine ilinunuliwa kwa pesa ngapi. Mashine ya mkono, vifaa vya kurudisha umbo, mizani, kipimo cha urefu, chombo cha kusafishia maganda, kitabu cha vipimo: tuseme dola 400 bila kujifurahisha sana. Ni shilingi 52,000 na kitu. Kwa senti 4 kila risasi, utarudisha pesa hizo baada ya kujaza risasi 10,000. Na mashine rahisi, ile inayofanya hatua moja kwa kila mvuto wa mkono, ukifikisha risasi 100 kwa saa umejitahidi. Hizo ni saa 100 za kukaa kwenye gereji ili ufike sifuri. Ipo mashine ya haraka zaidi, yenye kuzunguka na kutoa risasi nzima kwa kila mvuto, lakini nayo bei yake inairudisha ile sifuri mbali tena.

Nilipomwonyesha hesabu hii shemeji alijibu kwamba muda wake wa jioni hauna bei, kwa sababu hata asingejaza risasi angekuwa anatazama mpira. Nakubali. Mhasibu anayemtoza mtu pesa kwa starehe yake mwenyewe ni mhasibu mbaya. Tuache muda.

Kuna jambo dogo ambalo watu wa nje ya mchezo huo hawalijui, na mimi nililipenda nilipoelezwa. Maganda si yote yanajazika kirahisi. Zipo aina mbili kubwa za praima, moja ina jina la Boxer, afisa wa Uingereza, nyingine jina la Berdan, Mmarekani. Cha kuchekesha ni kwamba Wamarekani leo wanatumia ya Mwingereza, na ile ya Mmarekani ilienea zaidi kwenye majeshi ya Ulaya na Urusi. Ganda la Berdan lina vitundu viwili vidogo badala ya kimoja katikati, kwa hiyo sindano ya kusukumia nje praima iliyokufa haipati pa kupita. Na risasi za bei ya chini kabisa, zile za ganda la chuma, mara nyingi ndizo zilizokuja na mtindo huo. Maana yake, anayetaka kuokoa kwa kujaza huanza kwa kuacha kununua zile rahisi. Kwenye daftari la shemeji sijaona mstari wa gharama hiyo.

Lakini hata hilo lisingenisumbua kama si swali moja ambalo kila nikiuliza napewa kicheko: mwaka mzima, kabla ya mashine na baada ya mashine, ni pesa ngapi zimetoka mfukoni? Si kwa risasi moja. Kwa mwaka.

Jirani yangu hapa Kiamunyi alifanya vivyo hivyo na chakula cha kuku. Alichoka na bei ya gunia la dukani, akaanza kuchanganya mwenyewe: mahindi, pumba, soya, omena ya kutoka Kisumu, madini ya kuchanganyia. Gunia lake lilitoka rahisi kweli, sina ubishi. Na kwa kuwa lilikuwa rahisi, akaongeza vifaranga. Kisha banda. Kisha mashine ya kusaga. Leo chakula kinakula pesa nyingi kuliko zamani, na yeye bado anakuambia bei ya gunia kwa fahari. Tofauti ni kwamba kuku wake wanataga na mayai yanauzwa. Risasi ya shemeji ikishatoka mtutuni haimtagii mtu.

Yeye mwenyewe alikiri bila kujua kwamba anakiri. Alisema, "Zamani nilikuwa naenda uwanja wa shabaha mara moja kwa mwezi, siku hizi kila Jumamosi, kwa sababu risasi ni zangu." Basi ndiyo hiyo. Kitu kikishuka bei tunakitumia zaidi, na kikiwa kimetengenezwa kwa mikono yetu tunaacha kabisa kukihesabu. Wapenzi wengi wa kujaza risasi huko Marekani wanasema waziwazi kwamba huokoi, unafyatua zaidi kwa pesa zilezile. Hao nawaheshimu. Wamenunua burudani na wanaiita burudani. Ugomvi wangu ni na anayemwambia mke wake kwamba mashine ya dola 400 ni mpango wa akiba. (Mke wake ni dada yangu, kwa hiyo msinione nina chuki bure.)

Kuna hoja ya pili wanayoitegemea, ya uhaba. Mwaka 2020 na uliofuata risasi zilipotea madukani Marekani na zile za milimita 9 zikauzwa mara mbili, mara tatu ya bei ya kawaida. Wenye mashine walicheka, nasikia. Walicheka kwa muda mfupi, maana praima nazo zilipotea. Praima haitengenezwi gerejini, na kampuni kubwa zinazoitengeneza huko unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Aliyenusurika ni aliyekuwa na akiba stoo kabla ya mambo kuharibika, na huyo angenusurika vilevile kama angekuwa ameweka risasi za dukani. Kilichomsaidia ni stoo.

Hatari nitaipita haraka kwa sababu wao wenyewe wanaihubiri kuliko mimi. Ukimwaga baruti mara mbili kwenye ganda moja kwa kusahau, bunduki inaweza kupasuka mkononi. Vichwa vingi vina madini yaitwayo risasi, "lead" kwa Kiingereza, ambayo yana sumu, na vumbi lake halifai kuwa kwenye nyumba yenye watoto. Watengenezaji wengi wa bunduki hukana dhamana ukitumia risasi za kujaziwa. Weka hayo kwenye safu ya gharama utakavyoona.

Baada ya kuzungumzia jambo hili kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, vijana wawili wa Kisumu waliniuliza mashine kama hizo zinapatikana wapi huku. Jibu ni kwamba swali halianzi. Kenya bunduki na risasi ziko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na baruti ina sheria yake, Sura ya 115. Raia mwenye bunduki halali ana cheti, na cheti hicho kinataja hata idadi ya risasi anazoruhusiwa kuwa nazo. Kutengeneza risasi bila leseni ni jinai, hata kama ni gerejini kwako na hata kama ni ya shabaha tu. Risasi zetu za nchi zinatengenezwa Eldoret, kwenye kiwanda cha serikali cha Kenya Ordnance Factories kilichoanzishwa 1997, na hapo ndipo nataka zibaki. Tunaoishi Bonde la Ufa tunajua risasi inayozunguka bila daftari huishia wapi. Muulize mfugaji yeyote wa Baringo. Uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku hapa mwaka 1977, kwa hiyo hata ile sababu ya nyama hatuna.

Sasa nisije nikaonekana nimekataa kila kitu. Yuko mtu ambaye hesabu inamkubali. Chukua bunduki ndefu ya kipimo cha .308 na risasi za shabaha za ubora wa juu, ambazo dukani tuseme ni dola 1 na senti 80. Praima senti 8, baruti senti 24 kwa sababu hii hula chembe 42 hivi, kichwa kizuri senti 45, ganda la dola 1 linalotumika mara 10 ni senti 10. Jumla senti 87. Hapo umeokoa senti 93 kwa kila risasi, na zile dola 400 zinarudi kabla hujafika risasi 450. Kadiri risasi inavyokuwa kubwa na ghali, ndivyo mashine inavyojilipa mapema. Mwindaji wa kulungu anayemaliza pakiti moja ya risasi 20 kwa msimu haimhusu, yeye aende dukani. Lakini mshindanaji wa shabaha ya mbali, ambaye alikuwa anafyatua mamia kwa mwezi hata kabla ya kununua chochote, huyo anaokoa, na risasi zake zinaweza kuwa sahihi kuliko za dukani kwa sababu amezipimia bunduki yake.

Na yuko mzee mmoja jirani wa shemeji, mwenye bunduki aliyoirithi, ya kipimo ambacho viwanda karibu vimeacha kukitengeneza. Zikipatikana, pakiti moja inauzwa bei ya kuogopesha. Mzee huyo anajaza risasi chache kwa mwaka kwa mashine kuukuu aliyonunua kwa mtu, na hajawahi kumwambia mtu yeyote kwamba anaokoa pesa.