Miaka kumi ya rais na gesi ya Likong'o

Wanaosema ukomo wa urais wetu, yaani mihula miwili ya miaka mitano mitano, haumtoshi rais wana mfano wa kuonyesha kwa kidole pale Lindi: Likong'o. Mradi wa kusindika gesi asilia ulianza kuzungumzwa enzi za Kikwete, ukasimama enzi za Magufuli, ukafufuliwa na Rais Samia hadi mkataba wa awali ukasainiwa Juni 2022. Marais watatu, na hadi uchaguzi wa 2025 unafika, uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulikuwa haujafanyika. Kila awamu inakuja na mawaziri wake na vipaumbele vyake, na aliyekuwa anasubiri ajira anaanza kusubiri upya.

Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo iliyompa nguvu Juma Nkamia, mbunge wa Chemba wakati huo, alipotaka muhula uongezwe kutoka miaka mitano hadi saba. Magufuli mwenyewe aliikataa Januari 2018.

Mimi nasimama na ukomo, na sababu zangu ziko hukuhuku Kusini. Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, aliondoka Ikulu mwaka 2005. Daraja la Rufiji lilikuwa limeshafunguliwa, lakini kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita kama 60, kilikuwa bado tope. Waliosafiri masika ya miaka ile wanajua mabasi yalivyonasa pale na abiria wakalala njiani. Katiba haikuguswa ili mwana wa Kusini aongezewe muda amalizie barabara ya kwao. Ilimaliziwa chini ya Kikwete, mtu wa Msoga. Kwa hiyo kazi inaweza kuvuka awamu. Likong'o imekwama kwa sababu mazungumzo yamefungwa kwenye utashi wa aliyeko madarakani, na ukimwongezea mtu miaka unaukaza utashi huohuo.

Tena tumeuona utashi huo kwa karibu. Mwaka 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba waligomea bei za mnadani. Rais Magufuli akaagiza Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, magari ya jeshi yakaja kubeba magunia. Wengi walishangilia, na bei ilikuwa nzuri kweli. Kisha ukaja uhakiki wa kusaka kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho kwa wakulima kinyume cha utaratibu, na wapo waliongoja malipo miezi na miezi huku watoto wakidaiwa michango shuleni. Neno la mtu mmoja liligeuza msimu mzima wa mikoa yetu. Mamlaka makubwa kiasi hicho lazima yawe na tarehe ya mwisho.

Lakini tusiutwike ukomo mzigo usio wake. Ng'ambo ya mto Ruvuma, nchini Msumbiji, marais Chissano, Guebuza na Nyusi wote waliondoka kwa kupokezana, chama kikabaki kilekile, na vita vya Cabo Delgado vilivyoanza 2017 vikavuka mto hadi kijijini kwetu Kitaya Oktoba 2020. Kubadilisha rais peke yake hakumfanyi mtawala asikilize walio pembezoni.

Kinachonitia hofu ni wepesi wa kuufuta ukomo wenyewe. Uliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na Ibara ya 40 inasema hakuna atakayechaguliwa zaidi ya mara mbili. Ila kuibadili kunahitaji theluthi mbili ya wabunge tu, bila kura ya maoni, katika Bunge ambalo chama kimoja kina karibu viti vyote. Uganda walifuta ukomo mwaka 2005 kwa kura za wabunge. Katiba mpya ikiandikwa, ibara hiyo iwekewe sharti la kura ya wananchi.

Wakati wa kulidai ni sasa. Kwa Ibara ya 40(4), Rais Samia, aliyerithi kiti Machi 2021 kukiwa kumebaki zaidi ya miaka mitatu, alikuwa na nafasi ya kugombea mara moja tu, na ameshaitumia. Tukingoja 2030 ikaribie, kila neno kuhusu ibara hiyo litasikika kama linamhusu mtu fulani.