Chembe sahani zikishuka kwa heparini: tuache dawa au tusubiri majibu?

Mgonjwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga na anachomwa heparini ili damu isigande miguuni. Siku ya saba, chembe sahani, yaani chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, zimeshuka kutoka 240,000 hadi 100,000. Wengi watahofia kutokwa na damu, kumbe hatari kubwa ni damu kuganda. Mwili umetengeneza kingamwili dhidi ya heparini iliyoshikamana na protini ya chembe sahani zenyewe. Kingamwili hizo huziamsha chembe, zikaanza kugandana huku idadi yake ikipungua. Bila tiba, karibu nusu ya wagonjwa hawa hupata mabonge ya damu, miguuni au hata mapafuni.

Ndiyo maana wapo wanaosema heparini isimamishwe mara moja, maana majibu ya maabara huweza kuchukua siku kadhaa. Wapo pia wanaosita, na hawasiti bure. Chembe sahani hushuka kwa mambo mengi wodini: maambukizi makali, upasuaji wenyewe, baadhi ya antibiotiki. Kipimo cha kingamwili nacho hunasa hata zile zisizodhuru. Halafu dawa mbadala, kama argatrobani, ni ghali, na mgonjwa akianza kuvuja damu hakuna dawa ya kuitangua, ilhali heparini hutanguliwa na protamini.

Kwangu, alama za 4T ndizo zianze. Zinapima chembe zimeshuka kiasi gani, siku ya ngapi (kwa kawaida ya 5 hadi ya 10), kama kuna bonge jipya, na kama kuna sababu nyingine. Akipata 3 kushuka chini, ugonjwa huu wa kingamwili za heparini ni nadra sana, aendelee na heparini. Kuanzia 4, heparini isimame kabla ya majibu na dawa mbadala ianze, kwani kuisimamisha tu hakutoshi. Warfarini, dawa ya kumeza ya kuzuia damu kuganda, isubiri chembe zipande. Ikiwahi, inaweza kuozesha mguu.

Lakini alama hizo hazina maana kama hakuna aliyehesabu chembe kabla ya sindano ya kwanza. Hesabu ya 150,000 inaonekana ya kawaida kabisa. Kwa aliyeanza na 400,000, huo ni mporomoko unaozidi nusu, na bila namba ya mwanzo kwenye faili hakuna daktari atakayeuona.